Safu ya Kumi na Saba

Basi la bwana harusi lilifika saa tano asubuhi, na Nuzhat akajua kuna jambo pale alipomsikia mama yake akinong'ona mlangoni, mbona wamekuja na basi zima. Walipatana waje watu kumi na wawili, ndoa ifungwe, wale pilau, warudi kwao. Bibi harusi angechukuliwa mwezi wa sita, akishamaliza mtihani wake wa mwisho wa uuguzi. Wazee wa pande zote mbili walilikubali hilo mbele ya sahani ya halua, na baba yake, Mwalimu Inayat, akaahidi kwamba litaandikwa kwenye hati ya ndoa, safu ya kumi na saba, mahali pa masharti.

Sasa watu sitini walikuwa wanateremka, na kiti cha mbele cha basi kilikuwa kimetandikwa kitambaa chekundu.

Mama yake aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumrekebishia bangili ambazo hazikuwa na kasoro. Bibi yake Khurram, huyo bwana harusi, hali yake ilikuwa mbaya, akasema, na ajuza wa watu alitaka amwone mke wa mjukuu wake ndani ya nyumba kabla hajafumba macho. Wakwe walikuwa wanaomba wamchukue leo.

"Na mtihani?"

"Watakuruhusu uje ufanye ukitokea huko."

Nuzhat alipiga hesabu ya safari. Kutoka huko mpaka hospitali ya mafunzo ni mwendo wa saa saba, na barabara ya mlimani hukatika kila mvua kubwa ikinyesha. Darasani kwao wasichana watatu walikwenda na hilo "watakuruhusu". Mpaka leo vitanda vyao bwenini vinalaliwa na wengine.

Punde baba mkubwa Nawazish akaingia na mashahidi wawili, amevaa kilemba kipya, hati mkononi. Wanawake wakasogea, chumba kikawa kimya. Akataja jina la Khurram na jina la baba yake, akataja mahari, akamuuliza kama amekubali.

Nuzhat alinyoosha mkono chini ya shela, akaomba karatasi aione. Baba mkubwa akacheka kidogo, akawaangalia mashahidi, kisha akampa. Siku ya furaha mtu hagombani na mtoto.

Akaitafuta safu ya kumi na saba. Ilikuwa imekatwa. Na haikukatwa ovyo ovyo kama maimamu wengi wanavyozikata safu zile kwa haraka ya kwenda kula. Ilipigwa mstari mmoja kwa rula, na kila mwisho wa mstari palikuwa na alama ndogo ya kuufunga. Madaftari yake yote ya utotoni yalipigwa mistari kama ile. Aliutazama mpaka macho yakamwuma.

Baba mkubwa aliuliza mara ya pili. Ulimi wa Nuzhat ulikuwa umekauka, haukutaka kunyanyuka.

"Anaona haya tu," akasema mama mdogo wake. "Msichana wa heshima hapayuki. Amekubali huyo."

Akaulizwa mara ya tatu.  Baba mkubwa akaichukua hati kutoka magotini pake, akamshukuru Mungu, akageuka kwenda hemani, walikoketi wanaume, kusema kwamba binti ameridhia. Hapo ndipo Nuzhat alipoelewa kwamba kimya chake kilikuwa kinabebwa kwenda kuwa jibu.

"Baba mkubwa," akasema. "Sijakubali."

Mzee akasimama na mguu mmoja nje ya kizingiti. Alirudi, akafunga mlango.

"Unajua unasema nini?"

"Safu ya kumi na saba iandikwe kama tulivyopatana."

Mzee alishusha pumzi, akabembeleza. Wangeandika kwamba familia ya binti inatumaini atamaliza masomo. Neno zuri, halimuudhi mtu. Nuzhat akakataa. Basi waandike kwamba anaomba. Akakataa hilo pia.

"Wewe unataka sharti," mzee akasema, sasa hasira zimempanda. Na kwa lugha yao, neno hilohilo ndilo wanalotumia watu wakiwekeana dau. "Unataka kucheza kamari na mumeo siku ya ndoa? Haya, na ukiliwa?"

"Hata ninyi niliwaomba mkaniitikia, baba mkubwa, na angalia kilichotokea. Niitieni baba."

Mwalimu Inayat aliingia polepole, kofia mkononi. Nuzhat alifunua shela, kitu ambacho hakikupaswa kufanywa, akamwonyesha ule mstari kwa kidole. Hakumuuliza kitu.

"Jana walipiga simu," baba akasema. Sauti yake haikuwa ile ya darasani. "Walisema sharti likiandikwa hawaji. Kadi zilishagawiwa. Mama yako alishamwambia kila mtu. Nikaona... nikaona wewe una moyo mkubwa, utanisamehe."

"Nitakusamehe, baba. Lakini siwezi kupanda basi lile."

Baba aliigeuzageuza kofia. Kisha akaivaa, akachukua hati, akatoka bila kumwangalia mtu.

Dirisha lilikuwa upande wa hema. Nuzhat alisikia minong'ono ikikatika, kisha sauti ya baba yake ikieleza kwamba ameikata safu kwa mkono wake mwenyewe, kwamba amekosea, na kwamba binti yake haolewi bila hati mpya. Sher Zaman, baba yake Khurram, akasema hajapata kuona aibu ya namna ile, akawaamuru watu wake wapande basi. Viti vikakwaruza. Mama akaanza kulia, na Nuzhat akaushika ukingo wa kitanda, kwa maana hata yeye hakujua kama ataweza kuishi kijijini pale kesho yake.

Ikasikika sauti ya kijana, ya taratibu, yenye kigugumizi kidogo. Alikuwa hajawahi kuisikia.

"Baba, mi-mimi niliambiwa mwezi wa sita. Leo sijajiandaa kwa lolote. Iandikwe."

"Na bibi yako?"

"Bibi nitamweleza mwenyewe."

Hati mpya ilichukua karibu saa nzima. Baba mkubwa aliileta bila tabasamu, akauliza mara tatu, na mara zote tatu Nuzhat akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka uani. Sher Zaman hakuigusa pilau. Basi likaondoka na kile kiti kitupu.

Bibi alifariki mwezi wa tano. Mama mkwe akatuma salamu moja tu, kwamba marehemu aliulizia bibi harusi mpaka siku ya mwisho. Nuzhat aliisoma bwenini, akalia sana, akafunga mlango, akarudi kwenye vitabu vyake. Mtihani ulikuwa umebakiza siku kumi na tisa.