Utepe wa Boneti

Kifuniko cha gurudumu la nyuma kilipatikana Mwello, uani kwa mjane mmoja, vifaranga wakinywea maji ndani yake. Wesonga alichuchumaa akawangoja wamalize, kisha akampa mwenye nyumba bakuli jipya la bati alilolifua mwenyewe. Mama yule aliligeuzageuza, akaligonga kwa kucha, akacheka.

"Nyinyi watu wa Busia mna wazimu kweli! Mnaleta kipya, mnachukua kikuukuu."

Wesonga hakubisha. Alikuwa fundi wa bati na shaba, mwenye karakana nyuma ya soko la Busia, upande wa Kenya, na kwa miezi mingi alikuwa akizunguka vijijini kutafuta mapambo ya gari moja tu. Gari lenyewe lilikuwa Morris ya kabla ya vita. Mzungu wa kiwanda cha pamba karibu na Merikit aliliacha akaenda zake, likakaa porini hadi nyasi zikaota kwenye viti. Watu wakalichuna. Pete ya taa ilikwenda Buhehe ikawa fremu ya picha ya Bikira Maria, na kitasa cha mlango kikafunga kabati la katekista. Sasa, mwaka 1966, mzee Fabiano mwenye duka alikuwa amelinunua, akalifufua injini, akalipaka rangi nyeusi, na kuapa kwamba halitatoka uani kwake mpaka kila pambo lirudi mahali pake. Ujanani aliliosha gari hilo kila asubuhi, na hata siku moja hakuruhusiwa kukaa ndani.

"Bandia sitaki, ng'o!" alisema Fabiano. "Nililiosha likiwa zima. Nitalipanda likiwa zima."

Wesonga alimwelewa vizuri kuliko alivyopenda kukiri. Maisha yake yote yeye alikuwa wa kuziba tu: sufuria zilizotoboka, mabomba, mapaa yanayovuja. Hakuna aliyewahi kumwomba akirudishe kitu kilivyokuwa. Kazi hii aliitaka ikamilike bila pengo lolote, mji mzima uione, na watu waulize fundi ni nani.

Lilibaki pambo moja: utepe wa shaba uliopita katikati ya boneti, kutoka mdomoni mwa gari hadi kwenye kioo. Kila aliyeulizwa alimtaja Imalingat, mhunzi wa Merikit. Imalingat alikuwa marehemu. Tena, alikuwa baba mkwe wa Wesonga.

Nao ukwe wa huku si wa mchezo. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Tangu amwoe Benedeta, Wesonga alimjua mkwewe Alungat kwa sauti ya nyuma ya mlango na kwa mgongo unaokimbilia mtamani. Basi siku yeye na mkewe walipokwenda kumjulia hali, Alungat akatokea ghafla pembeni mwa ghala, mtungi kichwani, wote wawili walishtuka. Mama akageuka upesi. Lakini mkono ulioshika mtungi ulibaki juu, na juani ukang'aa: shaba, imezungushwa kwenye kigasha kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Wesonga alisahau adabu akakodoa macho. Aliuona mstari ulioinuka katikati, akayaona na matundu ya skrubu.

Ndani ya basi la kurudi alimwambia mkewe, "Mama Nasirumbi, utepe wa Fabiano uko mkononi mwa mama yako."

"Baba alimvika siku aliyomleta nyumbani."

"Mimi nasema tu nilichoona."

Na kweli, hakuomba. Angeulizwa na padri angeapa hivyo hivyo, huku moyoni akijua alivyotamani.

Wiki iliyofuata Benedeta alikwenda kwao peke yake, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye leso. Alikiweka juu ya fuawe, naye akabaki amesimama.

"Mama amesema mkwe akikitazama kitu, ameshaomba. Na mkwe hanyimwi."

"Nani aliutoa?"

"Binamu yangu Otai. Kwa koleo. Amemchubua mkono wote."

Wesonga alisema pole, na alimaanisha. Lakini furaha ilikuwa imekwisha kumpanda, haikuzuilika. Shaba iliyopindwa zamani huwa kaidi. Sharti itiwe moto, ichovywe majini, ndipo ikubali. Aliulainisha mzunguko wa kwanza, akaunyosha, akaubeba utepe mzima hadi kwa Fabiano, ule mwanzo ulionyooka mbele na mkia uliojiviringa nyuma. Walipouweka juu ya boneti, tundu lilikaa juu ya tundu. Fabiano alijifuta macho kwa mkono wa shati, akalaumu vumbi.

Aliporudi nao karakanani, Wesonga aliishika ile mizunguko iliyobaki ili aendelee. Upande wa ndani ulikuwa umelika ukawa laini kama mpini wa jembe la siku nyingi. Kingo nazo zilikuwa zimegongwa kwa nyundo ndogo, pigo kando ya pigo, zikakunjwa nje kidogo zisiikate ngozi. Kazi hiyo haikuhitajiwa na macho ya mtu. Ni mwenye mkono tu ambaye angeijua. Wesonga alijaribu kukisia ilichukua muda gani. Akaweka koleo chini.

Benedeta alikuwa uani akichambua omena.

"Mama yako hajambo?"

"Haendi kisimani siku hizi. Mkono anauficha kwenye leso."

"Kwa nini?"

"Wanawake wanamuuliza ameolewa na nani. Wanasema amemtoa Baba nje ya nyumba."

"Si ungeniambia!"

"Ungesikia, Baba Nasirumbi?"

Wesonga alikasirika, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, hasira ilimrudia mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu asijue aweke wapi mikono yake. Kuurudisha utepe kwa kumtuma Benedeta hakungefaa kitu. Ule haukuwa bangili ya kuchomeka. Ulizungushiwa mkononi, mkono wenyewe ukiwepo, na Otai na koleo lake angeukata vipande. Aliyeweza kazi hiyo alikuwa yeye, asiyeruhusiwa hata kusimama mlangoni pa mama yule.

Kwanza alikwenda kwa Fabiano, akamweleza yote bila kupamba. Mzee aliweka kiganja chake juu ya boneti.

"Kwa hiyo nipande gari lenye mwanya?"

"Ndiyo, mzee."

"Mji mzima utaniuliza fundi ni nani."

"Waambie ni mimi."

Walifika Merikit asubuhi. Benedeta alitundika shuka mlangoni, akaweka kigoda upande wa ndani na kingine upande wa nje. Ekwaro, mdogo wake marehemu Imalingat, alikuwa amekaa uani. Alikohoa, akasema tangu azaliwe hajasikia jambo kama hili. Kisha akainuka, akageuza kiti chake, akakaa tena akitazama barabara.

Mkono ulitokea chini ya shuka. Wesonga hakutegemea ungekuwa mwembamba vile. Palipokaa shaba miaka yote ngozi ilikuwa imepauka, na juu yake michubuko ya koleo ilianza kukauka. Aliutandikia kipande cha ngozi ya mbuzi ili asiuguse, akaanza kifundoni. Alama za nyundo ya Imalingat zilimwongoza: hapa pinda, hapa achia, hapa pandisha. Alizungusha polepole, akigonga kwa nyundo ya mti. Alipofika karibu na kiwiko aliacha nafasi, akihofia kumwumiza.

"Mama," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo uso kwa uso, wala hata sasa haikuwa uso kwa uso. "Inabana?"

Mkono uligeuzwa, ukatikiswa. Shaba ikacheza.

"Umeogopa," sauti ilisema. "Mwenzako aliyenivika alikaza."

Wesonga akaiondoa ile ngozi ya mbuzi, akaushika mkono, akakaza.