Kaburi la Yago

Zilpah alikuwa akikaza ukingo wa mkeka wa mafunjo wakati Mzee Javan wa kanisa aliposimama mlangoni, akakataa kiti. Alisema alichotumwa kusema: atakayezika tunda la mti kana kwamba ni mtu hatashiriki meza ya Bwana.

"Wewe ni mtu wa hapa, Mzee," Zilpah alimjibu. "Unajua yago si tunda tu."

Pale Sindo nani hakujua? Mtu akipotelea ziwani asionekane, yago, tunda refu lenye uzito wa mtoto mchanga, huzikwa mahali pake ili boma lipoe. Onyango, mume wa Zilpah, alizama karibu na kisiwa cha Takawiri mwaka ule wa kwanza wa Uhuru, ziwa lilipojaa hadi likameza mashamba. Walimtafuta ufuoni mpaka wakachoka. Sasa shemeji yake, Zadock, alikuwa amechagua siku ya kuzika. Bila kaburi, alisema, Walter mwana wa marehemu hawezi kujenga boma lake mwenyewe. Na Zilpah hakuwa amekosa meza ya Bwana tangu abatizwe.

Jioni akaenda kwa Mchungaji Barnabas, kijana aliyetoka chuoni juzi juzi. Alimkuta akisoma Kigiriki. Zilpah alipouliza kama kweli atanyimwa meza, Barnabas alimweleza alichokuwa akisoma. Wagiriki wa kale walikuwa na neno koimeterion. Lilitoka kwenye kitenzi cha kulaza mtu usingizi, na ule mkia wake, terion, huonyesha mahali pa kufanyia jambo. Nomino zao nyingi zilikuwa za kiume au za kike. Hili lilikuwa la kundi la tatu, si huku wala kule. Zamani lilimaanisha chumba cha kulala wageni. Wakristo wakaliita hivyo kaburi, kwa sababu aliyelala ataamka.



"Ni jina zuri," Zilpah alisema. "Lakini mimi sina wa kulaza, Mchungaji. Nina mkeka tu."

Barnabas alisema sheria ya kanisa hakuitunga yeye.

"Basi nitazika. Na Jumapili nitakuja. Kikombe kikinipita, kinipite nikiwa nimekaa palepale."

Siku ya mazishi boma lilijaa. Zadock aliuinua mkeka wenye yago, akalalamika kwamba kakake amekonda mno huko alikokuwa, na wanawake wakacheka machozi yakiwatoka. Kisha kicheko kikakatika. Barnabas alikuwa akiingia langoni bila kanzu, Javan nyuma yake akimsihi arudi.

Mchungaji alikaza mwendo. Alifika ukingoni mwa shimo, akautazama mkeka. Kilichokuwa ndani kilikuwa kifupi, lakini Zilpah alikuwa ameusuka urefu wa mwanamume mzima, na pale penye mabega ameupanua.

"Mama Walter," aliuliza, "kichwa kiko upande gani?"

Zilpah alisogea ukingoni. Akaonyesha kwa mkono.

Barnabas akavua viatu, akashuka, akainua mikono kupokea. Zadock aliteremsha upande wa kichwa. Upande wa miguu ulibaki ukining'inia, hauna mtu.

Javan aliutazama. Akavua kofia yake, akaibana kwapani.