Maziwa ya Dumu

Bibi Naisiae alipoteleza mtaroni akavunjika mguu, jambo la kwanza alilomwambia mke wa mwanawe halikuhusu mguu. Alimwambia afukize kibuyu. Alikuwa amelazwa nyuma ya gari la jirani, jasho linamtoka, na bado anamsisitizia Nashilu kwamba kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, kisuguliwe ndani mpaka kibuyu kinukie moshi, ndipo maziwa yaingie. Kibuyu hicho alipewa na mama yake siku alipoolewa. Nashilu akaitikia ndiyo yeyo, ndiyo mama, kama anayembembeleza mtoto.

Basi hakukifukiza. Tusimsingizie uvivu, ng'ombe wawili, watoto watatu na safari za kupeleka uji hospitali si mchezo. Lakini pia dumu lilikuwepo, la njano, lililoisha mafuta ya kupikia, na plastiki haina masharti. Unalisuuza kwa sabuni, umemaliza. Halidai moshi, wala halikurithiwa na mtu. Nashilu alijiona mjanja kweli. Siku alipokikumbuka kibuyu, alikikuta kimekauka na kuota ukungu ndani, akaona akimwagie maji ya moto, kazi iishe. Kikapasuka mbele ya macho yake, kutoka shingoni mpaka tumboni.

Bibi akarudishwa nyumbani Elerai, akalazwa chumbani. Kwenda mpaka jiko la nje hakuweza, kwa hiyo hakujua kitu. Akaomba maziwa. Nashilu akamletea kikombe. Bibi akanywa funda moja, akatulia, akanywa la pili, akakirudisha.

Nashilu alikuwa amejiandaa kugombezwa. Aliujua mdomo wa mama mkwe. Kwake neno plastiki lilikuwa tusi, na alilitumia kwa kila asichokiamini: mchele wa dukani, mayai ya kuku wa kisasa, hata shikamoo za watu wa mjini wanaosalimia huku wanapita. Safari hii hakulitamka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba dawa za hospitali zimemharibia ulimi.

Kugombezwa kungekuwa nafuu. Kila asubuhi bibi alijaribu tena, akakirudisha kikombe, na yeye ndiye aliyeomba samahani. Mwishowe akayaacha maziwa kabisa, akaanza kukonda.

Hapo Nashilu akafanya jambo ambalo hata mtoto mdogo angelicheka. Alitafuta oloirien, akawasha kijinga, akakiingiza ndani ya dumu. Aliamini, au alitaka kuamini, kwamba moshi ni moshi tu. Plastiki haikungoja. Ilijikunja, ikalegea kama ugali uliozidi maji, kijinga kikatokea upande wa pili, na moshi mweusi ukajaa uani. Kutoka chumbani bibi akauliza nini kinanuka. Nashilu akajibu kuwa majirani wanachoma takataka.

"Afadhali," bibi akasema. "Nilidhani na pua nayo imekwisha."

Nashilu alitaka kusema ukweli siku ile ile, akashindwa, akanunua dumu jingine.

Jumamosi wanajumuiya wakaja na mwinjilisti Gidion kumwombea mgonjwa. Bibi alitaja ombi lake mwenyewe. Mguu aliuacha, akaomba ulimi: Mungu amrudishie ladha ya maziwa kabla hajafa. Wote wakafumba macho, mwinjilisti akaanza kuzikemea dawa na sumu zake, na bibi akaushika mkono wa Nashilu, akaubana kwa nguvu zake chache zilizobaki. Nashilu alijiona mwizi aliyekaribishwa chakula na yule yule aliyemwibia.

"Yeyo," alisema katikati ya sala. "Ulimi wako ni mzima. Ni ladha ya dumu la plastiki unayoisikia. Kibuyu kilipasuka, na mimi ndiye niliyekipasua."

Mwinjilisti akaikatiza sala. Watu wakafumbua macho, kisha wengine wakayafumba tena kwa aibu. Bibi hakuuachia mkono. Alilamba midomo polepole, na uso wake ukajaa furaha iliyomuuma Nashilu kuliko kofi.

"Kwa hiyo siumwi ulimi."

"Huumwi, yeyo."

"Basi usilie. Kibuyu kikipasuka kinashonwa. Mama yangu alikishona mara mbili, hukuiona mishono ya ngozi pale shingoni? Vilete vipande, mwanangu. Mikono yangu haijavunjika."

Nashilu hakuinuka. Mishono aliiona, alidhani ni mapambo. Wanajumuiya walimtazama wakingoja, na bibi naye akingoja, mkono wa Nashilu ungali ndani ya wake, mpaka ikambidi aseme mbele yao wote kwamba vipande alivitumbukiza chooni.