Sura ya Joan kwenye Kitambaa

Mimi Yolande sipendi kujisifu, lakini ukweli usemwe: mtaa mzima wa Molenbeek, huku kwa Wabelgiji, hakuna anayeshona bega kama mimi. Na Joan Crawford, yule malkia wa sinema za zamani za Hollywood, alikuwa mabega. Mabega na nyusi. Akiingia chumbani, wanaume wanakumbuka wana kazi kwingine. Ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana nilikubali kumshonea Papa Freddy.

Papa Freddy ni Mbelgiji aliyezaliwa Likasi, kwetu Katanga, siku hizi anakaa mtaa wa Jette. Kiswahili chake kinakishinda cha watoto wangu. Miaka na miaka amepanda jukwaani kama Joan: wigi, gauni, midomo myekundu, sigara isiyowashwa. Mwanaume, ndiyo. Ukitaka kushangaa, shangaa kimya, mimi nina kazi.

Jumapili moja tulimfanyia sherehe ya miaka yake jukwaani, katika ukumbi mmoja mtaa wa Forest. Kwetu mtu mkubwa akisherehekewa, wanawake wote wanavaa kitambaa kimoja chenye picha. Bon, nikaamua tuvae sura ya Joan mwenyewe. Simu yangu imejaa Joan. Nikachagua picha iliyonipendeza, nikaipeleka kwa mchapaji, nikazishona nguo zote kwa mkono wangu. Wamama wa kwaya yetu walipoingia, ukumbi ukawa Joan mtupu. Walioona haya walibaki kwao, na bukari, ugali wa kwetu, na samaki hawakuvionja.

Kabla ya onyesho nikaingia chumba cha kuvalia. Namkuta Papa Freddy ameketi, wigi iko mapajani.

"Maman Yolande, mi shitaingia."

"Unasema nini?"

"Ambia batu bakule, bacheze, baende. Mu kioo minaona tu muzee wa Jette. Joan haiko tena."

Hasira ikanipanda. "Aka! Na hii mabega nilishona juu ya nani? Juu ya kiti?"

"Uzee haina dawa, maman."

"Haina dawa, lakini poda iko!"

Hakucheka. Akaiweka wigi mezani, akaisukuma mbali, na hapo nikaogopa kweli, maana haikuwa maringo. Bila Joan, mtu huyu angebaki na televisheni na dirisha lake. Mwenyewe aliniambia siku moja kwamba akiacha jukwaa, harudi tena. Akaninyooshea kidole kifuani, kwenye kitambaa.

"Angalia yeye. Ule njo Joan wa kweli. Angalia ile macho, sawa mwenye nyumba. Hata siku yangu ya muzuri, mi shikufika pale. Batu batatuangalia, yeye na miye, batacheka."

"Njoo uangalie vizuri basi, kabla ya kusema."

Akavaa miwani. Akashika pindo la nguo yangu, akainama karibu kabisa.

"Maman, hizi hereni ni ya nani?"

Nikaangalia. Misalaba miwili midogo ya shaba, ya kwetu, niliyoachiwa na mama yangu. Joan Crawford wa watu hakuwahi kuivaa. Nilimwazima Papa Freddy siku alipokuja dukani kupima gauni, mwezi uliopita, nikampiga picha, ndiyo hii niliyoivaa kifuani.

Eh Mungu wangu! Mimi ninayeona uzi uliopinda toka ng'ambo ya barabara! Nilimchagua mwenyewe, nikamkata, nikamshona, nikamvaa. Na wamama wote walimvaa, wakampigia vigelegele, hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu ni nani.

Nilitaka kuomba radhi. Kisha nikaona, ya nini?

"Unaona sasa?" nikamwambia. "Hata weye ulimuogopa."

Papa Freddy akaendelea kujitazama kwenye kitambaa. Machozi yakamlenga, nikamkataza palepale, wanja ungemwagika wote. Akavaa wigi. Akanyoosha mabega, yale niliyomshonea mimi. Unyusi mmoja ukapanda polepole, na mimi mwenyewe, fundi wake, nikasimama wima.

"Fungula mulango, maman," akasema. "Banatungojea."