Siku Ishirini na Tano za Mzee Karel

Maji ya beseni yalikuwa yameanza kupoa. Désiré alikamua kitambaa, akakipitisha polepole mgongoni kwa mzee Karel, akikwepa zile mbavu za kushoto ambako saratani ilikuwa imeingia mfupani na hata uzito wa kitambaa kibichi ulimfanya mzee asage meno. Ilikuwa Jumatatu, tarehe tatu Oktoba 2011, katika nyumba ya matofali huko Berchem-Sainte-Agathe, pembezoni mwa Brussels. Kupitia kidirisha cha bafu lilionekana kuba la kijani la basilika ya Koekelberg, nusu tu, kwa sababu ya mvua.

"Ni vendredi, le quatorze," mzee alisema, akitaja Ijumaa ya wiki iliyofuata. "Dix heures. Docteur atakuya."

"Atakuya kukuangalia, Papa?"

"Hapana kuangalia. Kumaliza."

Mzee aliongea Kiswahili cha Katanga alichojifunza ujanani, alipokuwa afisa wa serikali ya kikoloni upande wa Kolwezi. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha: lete, toa, ngoja. Lakini siku hiyo alikisema kwa upole, kama mtu anayetoa taarifa ya safari. Sheria ya Ubelgiji, nchi yake, ilimruhusu. Mgonjwa asiye na tumaini, mwenye akili timamu, anaweza kumwomba daktari amalize maisha yake, tena siku anayoitaka mwenyewe. Karel alikuwa na miaka themanini na minne na alikuwa amechoka.

"Ndiyo, Papa," Désiré alijibu. Akaendelea kumkausha katikati ya vidole vya miguu, kama walivyofundishwa chuo cha uuguzi Lubumbashi.

Alipokuwa akimvalisha soksi alijikuta anahesabu. Kutoka Oktoba kumi na nne hadi Novemba nane ni siku ishirini na tano. Alihesabu kabla ya kuhuzunika, na jambo hilo lilimtia aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Désiré Kabamba alikuja Brussels mwaka 2004 kwa viza ya masomo. Alisoma afya ya jamii, akafaulu, akapiga picha na joho. Baada ya hapo viza ikaisha, na msomi akawa mtu wa kushuka tramu kila akiona sare za polisi. Miaka mitano hivyo. Mwaka 2009 serikali ilifungua mlango kidogo: mgeni aliyekaa nchini muda mrefu, mwenye mkataba wa kazi wa mwaka mzima, angeweza kuomba ukaazi. Mkoa wa Brussels ukitoa kibali cha kazi, kadi ya ukaazi inafuata. Veerle, binti wa Karel, alikuwa akitafuta mtu wa kumtunza baba yake. Mkataba uliandikwa "mfanyakazi wa nyumbani", maana cheti cha uuguzi cha Désiré kilikuwa bado kinachunguzwa kama kinalingana na vya Ubelgiji. Kilikuwa kinachunguzwa tangu miaka miwili iliyopita.

Kibali kilipotoka kilikuwa na majina mawili, la Désiré na la Karel. Bila la pili, la kwanza halikuwa na kazi.

Siku ya Alhamisi alikwenda Flagey, kwenye chumba cha ghorofani ambako shirika moja lilikuwa likiwasaidia wageni. Lander, mwanasheria kijana mwenye koti lililotoboka kiwikoni, alilifungua jalada lake kwa furaha. Waliongea Kifaransa.

"Tarehe nane Novemba unatimiza miezi kumi na miwili. Unapeleka stakabadhi za mshahara, kadi inaongezwa, na mwakani unaweza kutafuta kazi ya fani yako. Mkeo naye tutaanza kumwombea viza." Akainua macho. "Mwajiri wako hajambo?"

"Ni mgonjwa."

"Mgonjwa sana?"

"Akifa kabla ya tarehe nane?" Désiré aliuliza.

Lander aliweka kalamu chini. "Mkataba unakufa naye. Na kibali pia. Nisamehe, ndivyo ilivyo."

"Mwajiri mwingine?"

"Tunaanza upya. Mkoa utauliza kwanza kama hakuna Mbelgiji asiye na kazi anayeweza kumwogesha mzee. Miezi mitatu, minne. Kadi yako itakuwa imeshakwisha." Alijitahidi kutabasamu. "Mtunze tu vizuri. Wewe si muuguzi?"

Jioni alimpigia Frida, mkewe, huko Likasi. Walikuwa hawajaonana miaka saba. Alimwambia mzee anaumwa na kwamba kadi inategemea uhai wake. Habari ya daktari na ile Ijumaa saa nne asubuhi hakuisema. Angeielezaje kwenye simu inayokatika?

"Basi tutamuombea," Frida alisema. "Nitaambia padiri. Huyu muzungu hatakufa, Désiré. Mungu iko."

Jumapili hiyo, katika kanisa moja la Likasi, watu ambao hawakuwahi kumwona Karel walisimama wakamwomba Mungu amzidishie siku. Frida alimsimulia kwa fahari. Désiré akasema asante, akakata simu, akakaa kitandani na viatu vyake.

Ikabaki siku nne. Jumatatu alimlisha mzee uji wa shayiri, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alijiambia: baada ya hiki. Uji uliisha. Aliweka bakuli chini.

"Papa, minakuomba kintu."

"Sema."

"Ile siku ya docteur. Minaomba uisogeze."

Mzee hakugeuza kichwa. "Mpaka wapi?"

"Le neuf novembre." Yaani tarehe tisa, siku moja baada ya mkataba kutimiza mwaka. Alieleza habari ya kibali, ya majina mawili, ya Frida. Alieleza vibaya, akichanganya mwisho na mwanzo, naye mtu aliyewahi kusimama mbele ya maprofesa akatetea kazi yake bila kusoma karatasi.

"Unajua kazi yangu kule ilikuwa nini?" mzee aliuliza.

"Ulikuwa administrateur, Papa."

"Nilikuwaka napiga cachet, ile muhuri. Muntu mweusi akitaka kutoka territoire yake, anakuya ku bureau, minamupa papier. Ao minamunyima." Alipumzika kidogo, akivuta pumzi kwa pua. "Kulikuwa mumoja, mama yake alikufa Bukama. Ilikuwa samedi, bureau inafungwa. Minamuambia: ngoja siku mbili, mpaka lundi. Akaenda bila papier. Nikamutia ku prison, siku kumi na tano. Nilikuwa na miaka makumi mbili na sita, nilikuwa minajua loi, sheria yote, muzuri sana."

Désiré hakuwa amekuja kumsamehe mtu. Babu yake mwenyewe aliwahi kufungwa kwa kukosa karatasi ya aina hiyo, na nyumbani hadithi ile ilisimuliwa kama kichekesho, maana bila kucheka isingesimulika.

"Alors," mzee alisema hatimaye. "Le neuf. Lakini mayi ya kuoga uweke moto. Ya leo ilikuwa baridi."

Veerle alifika kesho yake, hajavua hata koti. Alikuwa mwalimu mstaafu anayeishi Ghent, mama mpole aliyemletea Désiré chokoleti Krismasi iliyopita. Alifunga mlango wa jikoni nyuma yake.

"Baba amebadilisha siku. Kaka yangu ameshakata tiketi kutoka Montreal. Umemwambia nini?"

"Nilimweleza kuhusu kibali changu, Madame."

Veerle alishika ukingo wa sinki. "Baba yangu ataendelea kulia kwa maumivu wiki nne ili wewe upate karatasi."

"Ndiyo, Madame," Désiré alijibu.

"Kwa nini hukuniambia mimi? Ningekuandikia barua nzuri sana."

"Asante, Madame. Lakini barua haisaidii. Labda mkataba uhamie kwa jina lako."

"Naishi peke yangu na paka, Désiré. Niwaambie nini Mkoani, kwamba nahitaji mtu wa kumwogesha paka?" Alikaribia kucheka, na badala yake machozi yakamtoka. Désiré alimpa kitambaa cha vyombo, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Ijumaa ya tarehe kumi na nne ilipita. Mtoto wa kiume alikuja kutoka Montreal hivyohivyo, akakaa siku tano, akaondoka bila kumwamkia Désiré.

Kuanzia hapo mzee alikataa kuongezewa dawa ya maumivu. Daktari alimweleza kwamba siku ikifika lazima aweze kusema mwenyewe, kwa akili zake, kwamba anataka. Matone yakizidi akili ingelala, na mtu aliyelala hawezi kuomba chochote. Kwa hiyo kila baada ya saa nne Désiré alihesabu matone, machache kuliko yale ambayo mikono yake ilikuwa inajua yanahitajika. Aliyaandika kwenye chati aliyoichora mwenyewe, kwa mwandiko wake wa hospitalini. Kumgeuza ubavu tu kulichukua robo saa. Mzee alikuwa akiuma taulo. Siku nyingine alimwita Désiré kwa majina ya watumishi wake wa zamani, na siku nyingine aliuliza tu zimebaki siku ngapi, "Combien?"

"Quatorze, Papa."

"Quatorze," mzee alirudia. Kumi na nne.

Désiré aliichukia nafsi yake. Aliichukia tena kila alipogundua, asubuhi, anapofungua mlango na kusikia mzee anapumua, kwamba amefurahi.

Tarehe nane Novemba, saa tatu kamili, alikuwa mbele ya dirisha la wageni kwenye ofisi ya manispaa, amevaa tai. Mama aliyekuwa zamu, Tine kwa mujibu wa kibao kifuani, alipanga stakabadhi kumi na mbili kwa mstari, akazihakiki kwa kidole, akagonga muhuri.

"Kila kitu kipo. Nimefurahi kuona faili safi namna hii," alisema. "Sasa linakwenda Mkoani. Wiki nane, labda kumi na mbili. Risiti hii hapa."

"Na kadi?"

"Baada ya uamuzi. Siku hiyo wataangalia kama bado uko kwa mwajiri yuleyule."

"Niliambiwa ni mpaka leo. Miezi kumi na miwili, mpaka leo."

"Ilikuwa hivyo. Waraka ulibadilika Septemba." Alimsogezea risiti chini ya kioo. "Usiwe na wasiwasi, bwana. Mradi tu kazini kwako pasibadilike kitu."

Aliyafikiria ndani ya tramu, hatuwezi kumsingizia kwamba hakuyafikiria. Wiki kumi na mbili. Angeweza kuomba tena. Mzee alikuwa ameshakubali mara moja. Labda nusu ya wiki hizo, labda mpaka Krismasi. Alimwona Frida kwenye uwanja wa ndege, amevaa lile gauni alilolitaja mara nyingi kwenye simu. Akaiona na ile taulo, ilivyotoboka alama za meno. Alipitiliza kituo chake, akarudi kwa miguu chini ya mvua.

Mzee alikuwa ameketishwa kwa mito, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Veerle alikuwa amekaa kando yake.

"Banapiga cachet?" mzee aliuliza.

"Banapiga, Papa."

"Onyesha."

Désiré alimkunjulia risiti. Macho ya mzee yalikuwa hayasomi tena, lakini alipitisha kidole gumba juu ya karatasi, taratibu, mpaka akaupata muhuri, wino wake umekauka na kuinuka kidogo. Hapo kidole kilisimama.

"Bon. Njo kadi imetoka?"

Veerle aliinua uso kutoka kwenye risiti. Désiré hakumtazama.

"Imetoka, Papa."

"Utaleta bibi yako."

"Nitamuleta."

"Bon," mzee alisema. "Unipe sasa matone ya kutosha leo. Kesho asubuhi, kidogo."

Asubuhi Désiré alimwogesha kwa maji ya moto. Saa nne daktari alifika, akamuuliza mzee anachotaka, mzee akasema kwa Kiflemi, lugha yake ya kuzaliwa, kwa sauti iliyosikika hadi ngazini. Saa nne na dakika ishirini yote yalikuwa yamekwisha. Daktari aliandika karatasi zake mezani, akampa mkono kila mtu, akaondoka.

Veerle alikuja jikoni na fomu ya kusitisha kazi. Alikuwa amepewa na mhasibu, inatakiwa siku hiyohiyo. Alijaribu kuandika, kalamu ikachana karatasi.

"Siwezi," alisema. "Nisaidie, Désiré. Mimi nitatia saini tu."

Alivuta kiti, akaandika. Jina la mfanyakazi. Jina la mwajiri. Siku ya mwisho ya kazi: 9 Novemba 2011. Sababu ya mkataba kuvunjika: kifo cha mwajiri. Mwandiko ulikuwa uleule wa kwenye chati, nadhifu, umelala kidogo kulia.

Simu yake ilitetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe wa Frida: *Padiri anauliza, tuendeleye kuombea muzee ao inatosha?*

Aliusoma mara mbili, akailaza simu kifudifudi. Veerle alitia saini, akamrudishia kalamu. Fomu ilikuwa na nakala tatu, na Désiré akaivuta ya pili aijaze.