Maneno ya Madamu

Asubuhi ya Jumanne Yusta alikwenda sokoni Manundu, pale Korogwe, kununua mchicha. Alichagua mafungu mawili, akayakung'uta maji, akamtazama muuzaji na kumwambia, "Nihurumie, bwana. Mimi ni mwanamke tu."

Muuzaji alikuwa mwanamke mwenzake, anaitwa Zamda. Alimwongezea nyanya moja juu ya mchicha, akamwuliza habari za nyumbani.

"Naogopa giza," alisema Yusta.

"Nasi tu wazima, tunamshukuru Mungu," alijibu Zamda, akageukia mteja mwingine.

Hakuna aliyegeuza shingo. Manundu nzima inajua kwamba Yusta hana maneno mengine zaidi ya yale ya kwenye filamu. Mumewe, Dunstan, ni mtafsiri wa filamu, wale wanaopunguza sauti ya wazungu na kuwasemea kwa Kiswahili kwenye maikrofoni. Zamani za kanda, walipokuwa hawajamaliza hata mwaka katika ndoa, Dunstan alipata filamu ya Kifaransa isiyokuwa na jalada. Ilikuwa ya majambazi, lakini majambazi nadhifu: wamevaa makoti marefu, wanavuta sigara kwenye ngazi, wanatembea mwendo mrefu kwenye mwanga wa buluu bila kusema kitu. Katikati yao yumo mwanamke mwenye koti la manjano na miwani myeusi, ambaye anauawa mwishoni kando ya gari jeupe. Dunstan hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Alitazama midomo, akatazama macho, akatunga. Hivyo ndivyo wenzake wote walivyofanya kazi, na wateja hawakuwahi kulalamika.

Tatizo lilikuwa huyo mwanamke. Dunstan alipobana pua kumsemea, watu waliojaribishiwa walicheka hata kwenye tukio la mazishi yake. Basi akamwita Yusta, aliyekuwa akimenya ndizi uani, akamkalisha mbele ya maikrofoni na kumpa la kusema. Yusta aliisema sehemu ya Madamu, jina alilotungiwa mwanamke yule, kwa sauti nzuri ajabu. Walipomaliza alirudi uani kwenye ndizi zake, akafungua kinywa kumwita jirani, na yakatoka maneno ya Madamu. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imebaki kwenye kanda. Hospitali walimwangalia koo wakampa vidonge vya kumung'unya. Kizigua chake cha Handeni kiliondoka, Kiswahili kikaondoka, na hata aliposhika kalamu iliandika yale yale ya Madamu. Vidonge alivimaliza.

Filamu ilipendwa. Kuanzia Segera mpaka Mombo hapakuwa na banda la video lisiloionyesha, na watoto walikua wakiigiza sauti ya Yusta kwenye michezo yao. Dunstan alipata jina. Nyumbani alizoea mke asiyebishana, na nadhani mtu akishazoea hivyo huona ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Mwaka huu ndipo Mathias, mdogo wake Yusta, alipoanza kulipima shamba la Handeni. Shamba hilo baba yao alimwachia Yusta kwa mdomo, mbele ya watu ambao sasa wote wamekufa, na Yusta ndiye aliyepanda mikonge mpakani kwa mikono yake. Mathias alisema dada kashaolewa Korogwe, shamba ni la mtoto wa kiume. Baraza la kata la huko likaita kikao siku ya Jumatano. Mwenyekiti, Mzee Filemoni, alituma neno kwamba hataki wasemaji wala wawakilishi. Kila mmoja atasema kwa kinywa chake kama mali ni yake.

Yusta alipoletewa habari hizo alikaa kizingitini mpaka chai ikapoa. Aliyapitia maneno yote ya Madamu moja moja. Hakuna lililofaa. Madamu wa Dunstan aliomba, alilia, aliwasifu wanaume kwa mavazi yao, na penye bastola alisema, "Chukua vyote, niachie roho yangu." Ukienda na maneno ya namna hiyo barazani, umekwenda kutoa shamba.

Wiki chache kabla ya kikao, Aakash, mwenye duka la redio na televisheni mjini Korogwe, alimwita Dunstan. Baba yake, marehemu Bhupendra, ndiye aliyekuwa akizisambaza zile kanda. Sasa Aakash alikuwa ameagiza diski mpya ya filamu ile ile, iliyosafishwa huko Ufaransa mpaka ukaona vifungo vya makoti. Alitaka Dunstan aitafsiri upya, watu wawekewe kwenye flashi.

"Mlete na mama," alisema. "Bila sauti ya mama hainunuliki."

Yusta alikuja. Aakash alimpa kiti na shikamoo.

"Leo umependeza, bwana," aliitikia Yusta.

Diski ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na Aakash alisoma Kiingereza. Hawakufika mbali. Kwenye tukio la bafuni, ambako Madamu amezungukwa na wanaume watatu, Aakash alisimamisha picha.

"Mzee Dunstan, huyu mama haombi."

"Anafanya nini?"

"Anaamuru. Hawa ni vijana wake. Yeye ndiye mkubwa wa kundi zima." Alirudisha nyuma, akasoma polepole. "Hapa anasema, 'Hiyo ni mali yangu. Rudisha.'"

"Mimi hapo nilimwombea roho yake," alisema Dunstan.

"Ndiyo. Ulimwombea vizuri tu."

Yusta alikuwa ameinuka kwenye kiti. Hakusubiri kuambiwa. Alivuta maikrofoni, na kwa kuwa ilikuwa ni filamu, midomo ilikubali. "Hiyo ni mali yangu," alisema. "Rudisha." Alisema kwa sauti ya chini, bila kuomba. Aakash alimsomea yaliyofuata mpaka yakaisha, na kila moja alilisema mara moja tu.

Maneno ya zamani yalifutika, na yale mapya yakakaa. Zilikuwa siku njema kwa Yusta, pengine njema kuliko zote za ndoa yake. Alikwenda kanisani akamwambia katekista, "Hakuna anayetoka humu mpaka nimalize kusema," na katekista akaurefusha wimbo. Zamda aliambiwa vivyo hivyo, akatoa mchicha wa chini ambao haukuwa umenyauka. Nyumbani Dunstan aliponyanyuka mezani kabla ya sahani kuondolewa, Yusta alimwambia, "Kaa chini. Sijakuruhusu kusimama." Dunstan akakaa.

Jumamosi iliyotangulia kikao waliionyesha kwenye banda la video la Manundu, kujaribu soko. Banda lilijaa. Picha ilishangiliwa, maana sasa hata mvua ilionekana tone kwa tone. Lakini Madamu alipofungua kinywa bafuni, watu wote walikuwa tayari wameshaanza kusema naye yale ya zamani, na maneno yakagongana.

"Huyo nani?" alipiga kelele mmoja.

"Mrudishe Madamu wetu!"

"Mwanamke gani anaongea hivyo kwenye bastola?"

Walizomea mpaka mwisho. Alipouawa kando ya gari jeupe walipiga makofi.

Jumapili Mathias alifika Korogwe kumsalimia shemeji yake. Alileta jogoo. Walikaa uani, wakazungumza habari za mvua na za mahindi, na shamba halikutajwa hata mara moja. Alipoaga, Dunstan alimsindikiza mpaka barabarani.

Jumatatu Dunstan aliichukua kanda ya zamani kutoka juu ya kabati. Yusta alimkuta akiipangusa vumbi, akaelewa papo hapo.

"Hiyo ni mali yangu," alisema. "Rudisha."

"Mke wangu, umewasikia watu mwenyewe," alisema Dunstan. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Kazi yangu ni kumpa mteja anachokitaka. Wamemzoea Madamu hivi. Jina langu miaka yote hii limesimama juu ya Madamu huyu, leo niwaambie niliwadanganya?"

"Kaa chini. Sijakuruhusu kusimama."

Safari hii hakukaa. Yusta alisimama mlangoni, akashika miimo kwa mikono miwili. Kikao kilikuwa keshokutwa, na hilo Dunstan alilijua. Angeweza kungoja mpaka Alhamisi, filamu isingeoza. Alimwondoa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, mtu mpole siku zote, akaenda nayo dukani.

Aakash aliuliza kama mama ameridhia. Dunstan alisema mama hana neno. Aakash alikuwa na wateja wawili wanaongoja, akaunganisha mashine. Waliiweka sauti ya zamani juu ya picha mpya, na kabla ya adhuhuri ilikuwa tayari kwenye flashi. Yusta wakati huo alikuwa akianika nguo. Alihisi kinywa kimekuwa chepesi. Alijaribu kusema lile la mali, likatoka la giza.

Jumatano walikwenda Handeni. Wajumbe wa baraza walikaa kwenye benchi, wakamsikiliza Mathias, ambaye alisema maneno mengi mazuri kuhusu marehemu baba. Kisha Mzee Filemoni akamwelekea Yusta kwa heshima.

"Mama, hapa hakuna wa kukutisha. Tuambie mwenyewe. Shamba lile ni lako?"

Yusta alifunga midomo. Aliibana kwa mkono. Mzee Filemoni alingoja, kisha akamweleza kwamba asiyejibu huandikwa amekubali madai ya mwenzake, ndiyo taratibu. Yusta akajionyesha kifuani kwa kidole, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akapiga ardhi kwa mguu. Mjumbe mmoja akasema ishara hazina maana barazani, zinahitaji maneno. Mwisho Yusta akafungua kinywa, kwa kuwa alikuwa bado na tumaini, na likatoka lile la penye bastola.

Wajumbe waliliitikia. Hawakukusudia ubaya. Wote walikulia kwenye mabanda ya video, na walisema mstari unaofuata, ule wa jambazi, kwa pamoja na kwa raha. Baada ya hapo waliandika kwamba mama ameachia vyote kwa hiari. Dunstan aliulizwa kama ana la kuongeza. Alisema mke wake amejieleza vizuri.

Jioni ile ile Mathias alipeleka vibarua kung'oa mikonge ya mpakani. Yusta alifika shambani kwa miguu, Dunstan akiwa nyuma anambembeleza warudi stendi. Hakumsikiliza. Alisimama kwenye mashimo mapya akamwambia Mathias neno la kwanza la Madamu, na Mathias akamshukuru. Akamwambia la pili. Alilisema kila alilokuwa nalo, kwa mpangilio wake, akitafuta moja ambalo lingemfanya mtu hata mmoja aweke jembe chini. Machozi yalikuwa yakimtoka, na sauti haikutetereka. Alifika kwenye lile la mwisho, la kufa, akalisema nalo.

Vibarua waliweka majembe chini, wakapiga makofi. Walisema hata kwenye flashi mpya haisikiki safi namna hiyo. Mmoja wao akavua kofia, akamwomba kwa adabu, kama hajachoka, arudie pale pa bafuni, ndipo anapopapenda yeye.

Yusta akarudia.