Lenzi Ndogo Kama Punje ya Dengu

Ukoo mzima ulimwita Konokono, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa mpiga picha, na popote alipokwenda alibeba nyumba yake mgongoni: begi jeusi lenye lenzi saba, kila moja imevishwa soksi ya mtoto mchanga ili zisigongane. Akipita mlangoni yeye huingia kwanza, begi linafuata nyuma likibisha hodi kwenye fremu.

Kubeba si kosa. Kosa lilitokea harusini kwa dada yake. Bwana harusi alipoinua pete, Konokono akaona lenzi aliyofunga inavuta karibu mno. Akaichomoa, akabana kifuniko kwa meno, akapapasa begini, akatoa nyingine, akaona siyo, akapapasa tena. Alipoinua kamera, pete ilishakaa kidoleni kana kwamba ilizaliwa pale. Mpaka leo albamu ya dada ina picha nane za pete kwenye kisahani na kumi na moja za pete kidoleni. Ilisafiri vipi kutoka huku kwenda kule, Mungu ndiye ajuaye.

"Mshika mbili moja humponyoka," Shangazi alisema siku ile, sauti imejaa ukumbi. "Huyu mwenzetu kashika saba!"

Basi ilipofika zamu ya kumpiga picha Bibi, Konokono hakulala vizuri wiki nzima.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani kwa ugonjwa mwingine, na la kulia kwa miaka minne lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, dunia yote ikawa ukungu wa dirisha la jikoni. Watu aliwajua kwa sauti na kwa mwendo. "Nimezaa watoto watano," alikuwa akisema, "wote wamehama. Huyu wa jicho tu ndiye kagoma kutoka nyumbani." Sasa angetolewa kwa upasuaji, na kesho yake asubuhi bandeji ingefunguliwa.

Konokono alitaka picha moja tu: uso wa Bibi pale utakapoanza kuona. Harusi hurudiwa, wapo waliorudia mara tatu. Uso ule ungekuja mara moja, na ukipita umepita.

Siku ya vipimo aliwasindikiza Bibi na Shangazi hospitali ya macho. Dokta alikuwa kijana mwembamba kama fimbo ya pazia, ila mwenye sauti nzito ya kutisha. Alimpima Bibi jicho kwa mashine, kisha akafungua droo, akatoa kikasha kidogo na kukiinua kwenye mwanga.

"Lenzi ya mama ndiyo hii."

Konokono akasogea. Ndani kulikuwa na kitu cha mviringo, angavu, kidogo kama punje ya dengu, chenye mikono miwili myembamba kama nywele.

"Hii?"

"Hii. Tunaikunja, tunaipitisha kwenye tundu la milimita mbili hivi. Ikifika ndani inajikunjua yenyewe."

Konokono, ambaye begini alikuwa na lenzi ya kilo moja na nusu, alisahau kufunga mdomo.

"Inavuta?"

"Haivuti."

"Inatumia betri?"

"Inatumia Bibi," Dokta akasema. "Na itadumu kuliko mimi na wewe."

Konokono akaitazama tena punje ile. Haina pete ya kuzungusha, haina mota, haina hata soksi, na sura za watu wote wa nyumbani kwao zingepita humo.

"Ila ina sharti," Dokta akamgeukia Bibi. "Haibadiliki kama ile ya kuzaliwa. Nikiweka ya mbali, vya karibu utavalia miwani. Nikiweka ya karibu, vya mbali ndivyo vya miwani. Wengi huchagua mbali."

"Mbali!" Shangazi akadakia. "Mama aone nani yuko getini."

"Aliye getini atabisha," Bibi akajibu. "Na habari za mbali naletewa hata nisipouliza. Wewe mwenyewe ndiye mleta mkuu."

Dokta akajifanya anakohoa. Bibi akanyoosha mkono mbele yake, akakunjua vidole hewani.

"Nipe hapa, mwanangu. Panapoishia mkono. Cherehani iko hapa, sahani iko hapa, na mtu nikimshika bega, uso wake unakuwa hapa."

Dokta akaandika. Konokono naye alisikia kila neno, ila akili yake ilikuwa bado kwenye dengu. Walipokuwa wakitoka, nesi akalipima begi lake kwa macho.

"Siku ya kufungua bandeji, dada, hilo halipiti. Chumba ni kidogo. Lete linalokaa mapajani. Na usiwashe flashi."

Nyumbani, Konokono akazipanga lenzi zote saba juu ya meza ya kukatia vitambaa. Bibi akaja akizipapasa moja moja, kama anayechagua nyanya.

"Hii ndefu kama chupa ya chai, ya nini?"

"Ya kuvuta ndege, Bibi."

"Wodini kuna ndege?"

"Hakuna."

"Kaa pembeni, chupa ya chai. Na hii?"

"Ya wadudu. Inapiga karibu kabisa."

"Kama kuna wadudu wodini, mke mwenzangu, tuhame hospitali."

Ya tatu, ile yenye jicho la samaki, Bibi aliambiwa inapinda kuta. Akasema kuta za nyumba hii zinajipinda zenyewe bila msaada.

Zikabaki nne, na hapo Konokono akagoma. Kila aliyoishika ilimkumbusha siku ambayo ingemfaa. Mwishowe akafungua kompyuta na kufanya hesabu aliyoikimbia miaka yote: picha ambazo watu walizitundika ukutani kwao zilipigwa kwa lenzi ipi? Akapekua mpaka chai ikapoa. Jibu lilimwaibisha. Karibu zote zilitoka kwenye tatu: ile pana, milimita ishirini na nne, inayomeza chumba kizima, ya thelathini na tano, inayoona kama mtu aliyekaa nawe mezani, na ya themanini na tano, inayochukua uso kutoka hatua kadhaa na kuufanya upendeze hata kama mwenyewe hakujipanga. Nyingine zilikuwa abiria tu.

"Tatu," akasema, kama aliyekiri kosa.

"Mimi nina mikasi mitatu," Bibi akamwambia. "Wa nguo, wa uzi, wa meno meno. Wa nne nilipewa zawadi. Huo nafungulia pakiti za maziwa."

Asubuhi ya bandeji, Konokono aliingia chumbani na kikoba cha mapajani, mgongo mwepesi hadi alihisi yuko uchi. Kitanda, sinki, kiti kimoja, dirisha upande wa kulia lenye mwanga laini wa kutosha. Akafunga ile ya themanini na tano, akasimama mlangoni asiwazuie watu. Alikuwa ameipanga picha yote kichwani: uso tu, ukuta nyuma uyeyuke. Safari hii hagusi kitu.

Dokta akabandua plasta. Pamba ikatoka. Bibi akafumbua jicho, akapepesa, chozi likamshuka.

"Ukungu wa siku ya kwanza ni kawaida," Dokta akasema.

Bibi akamkodolea, maana alikuwa ameinama karibu naye. "Wewe ndiye Dokta? Na sauti yote ile? Hawakulishi kwenu?"

Nesi akaangua kicheko. Konokono akapiga, lakini bega la Dokta lilikuwa limeziba nusu ya uso.

"Konokono yuko wapi?"

"Niko hapa, Bibi. Mlangoni."

Bibi akageuka. Jicho likatafuta, likampita, likarudi. Konokono akaona kupitia kamera kwamba lile jicho lilikuwa likimtazama mtu ambaye halimwoni.

"Mlangoni ni mbali. Njoo hapa." Akanyoosha mkono, vidole vikakunjuka hewani, vilevile kama siku ya vipimo.

Ndipo Konokono akaelewa. Ili aonekane lazima afike mwisho wa mkono ule, na hapo lenzi aliyofunga haioni kitu; ukiisogelea chini ya mita, inakuonyesha ukungu mtupu. Akachomoa. Kifuniko mdomoni.

"Haya, kaanza!" Shangazi akapiga kelele kutoka miguuni pa kitanda. "Pete hiyooo!"

Lenzi ya pili ikagoma kukaa.

"Mwacheni," Bibi akasema. Akafumba jicho lake jipya, taratibu, kama anayefunga duka kwa dakika mbili. "Mimi nimesubiri miaka minne. Ukiwa tayari, sema."

Ya thelathini na tano ikalia *kli*. Konokono akatembea, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka vidole vya Bibi vikagusa bega lake.

"Tayari," akasema, meno bado yamebana kifuniko.

Bibi akafumbua.

Kwanza lilikuwa jicho tu. Kisha kitu kikaja usoni mwake, si haraka, kama mtu anayekuja na taa kutoka chumba cha ndani. Mikunjo ikalegea mmoja mmoja, mdomo ukafunguka kidogo ukakosa mzaha. Konokono alikuwa amezungusha lenzi maisha yake yote, na hakuwa amewahi kuona picha ikitoka ukungu na kushika fokasi kutoka upande ule. Ndani ya jicho lile, nyuma ya punje ya dengu, alijiona mwenyewe, mdogo, na dirisha lote begani.

Akabonyeza. Mara moja.

"Una kovu," Bibi akanong'ona. Kidole kikapanda mpaka kwenye unyusi wa Konokono. "Hapa."

"La miaka mitatu sasa, Bibi. Nilianguka na begi."

"Habari zote za mtaa huu naletewa," Bibi akasema, kidole bado kiko pale, "hii hakuna aliyenipa."

Shangazi, kule miguuni pa kitanda, akaanza kukunja shuka lililokwisha kukunjwa. Konokono akakumbuka kifuniko, akakitoa mdomoni.